Karani Aliyepiga Pasi Maneno ya Madiwani

Katika ofisi za baraza la mji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pasi. Si kwa ajili ya mavazi, maana mashati yake mwenyewe yalikuwa na mikunjo ya kutia aibu. Walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa karani wa vikao, na kwa miaka ishirini na minne aliyapokea maneno ya madiwani yakiwa yamekunjamana, akayanyoosha, akayaweka kwenye muhtasari yakiwa safi kama mtu anayekwenda harusini.

Nikupe mfano, usije ukasema natia chumvi. Siku moja diwani mmoja alisimama akafoka: "Huo mtaro nyuma ya shule unanuka! Unanuka, unanuka! Nani amekula saruji? Mnanitolea macho ya nini?" Kisha akaketi. Pasi akaandika: "Mjumbe alieleza wasiwasi wake juu ya hali ya mtaro ulio nyuma ya shule, hivyo akashauri taarifa ya matumizi ya saruji iwasilishwe katika kikao kijacho." Kikao kijacho diwani akausoma muhtasari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamnong'oneza jirani yake kwamba kumbe siku ile alizungumza vizuri sana.

Hiyo "hivyo akashauri" ndiyo iliyokuwa fahari ya Pasi. Hotuba isiyo na pendekezo aliiona kama shati lisilo na kola. Mtu akipayuka dakika kumi bila kusema anataka nini, Pasi humtafutia cha kutaka. Humtafutia kwa moyo mweupe kabisa, bila hila wala hongo. Madiwani nao walidekezwa wakadeka. Wengine waliacha hata kujisumbua kufikiri mwisho wa maneno yao. Wanasimama, wanaropoka, wanaketi, wakijua karani yupo.

Nyumbani alikuwa na mama. Huyu mama alikuwa fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa kwa miaka na miaka, mpaka kiharusi kikamlaza upande wote wa kulia. Miezi tisa sasa alikuwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mke wa Pasi ni mwalimu, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Pasi mwenyewe yuko kwenye vikao. Aliyekuwa akimwinua mama kitandani ni muuguzi wa baraza, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mchukuzi, aliyepita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, na kwao alifika kila Jumatatu na Alhamisi. Mtaa mzima ulimwita Sista.

Sista hakuwa na maneno matamu.

"Mama, leo tunasimama."

"Sisimami. Goti linauma."

"Sawa. Tubishane, lakini tubishane tukiwa wima."

Na kweli walibishana wakiwa wima. Mwanzo mama alisimama kwa kuhesabu mpaka mbili, akaanguka kitandani akitukana. Baadaye tano. Wiki moja kabla ya mambo haya ninayokusimulia, alishika kingo za dirisha akahesabu mpaka kumi na saba, akaona watu wakipita barabarani, akamwita muuza vitumbua kwa sauti nzito ya ulimi uliolala. Sista akamwambia Pasi kule mlangoni: "Kaka, nipe miezi mitatu. Atafika mpaka hapa tuliposimama, kwa miguu yake. Ila tusiache katikati. Misuli ikilala tena safari hii, haiamki." Pasi hakulia mbele ya Sista. Alikwenda uani, akalia huko peke yake, akanawa uso, akaenda kazini.

Basi sasa. Makabrasha ya kikao cha bajeti yalipomfikia mezani ayapange, Pasi alisoma ajenda namba nne: "Kusitisha huduma ya wauguzi wa majumbani." Chini yake mweka hazina alikuwa ameandika sababu: "Kwa kuzingatia kauli ya Mheshimiwa Diwani wa Kata ya Sokoni, aliyebainisha kwamba afya ya wazee imeimarika kwa kiwango cha kuridhisha, hivyo akashauri Baraza liangalie upya haja ya kuendelea na huduma hiyo." Fedha zingebaki katika fungu hilo hilo la afya, na zingenunua viti vipya vya ukumbi, vyenye egemeo la kulinda migongo ya waheshimiwa.

Pasi aliisoma ile sentensi mara tatu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imenyooka. Hakuna diwani aliyezaliwa na mwanamke angeweza kuitamka sentensi ile kwa kinywa chake. Akafungua kabati, akatoa daftari la mkono la mwaka uliopita, lile analoandikia maneno ya watu yakiwa mabichi kabla hajayapiga pasi, akapekua mpaka mwezi wa tatu. Yalikuwepo.

"Hawa manesi wa baiskeli nawaona. Wazee siku hizi wako fiti, jamani! Shangazi yangu juzi kanitimua na mkongojo! Sasa... eeh... tuangalie. Tuangalie na hilo nalo. Hivi chai bado?"

Hayo tu. Mengine yote, kiwango cha kuridhisha, haja ya kuendelea, yalitoka kwa Pasi mwenyewe, mchana mmoja wa joto, akitafuta kola ya kushonea shati la mtu. Jamani! Mtu amemkata mama yake miguu kwa kalamu, na kalamu yenyewe hakuisukuma mtu mwingine. Alishika tama pale mezani mpaka mfagizi akamuuliza kama amefiwa.

Jioni ile alikwenda kwa huyo diwani wa Sokoni. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na watu walimwita Kipaza kwa sababu hakujua kuzungumza taratibu hata akiwa peke yake. Alimkuta akipima misumari.

"Mheshimiwa, nimekuja kwa ile kauli yako ya mwaka jana. Ile ya wauguzi."

Uso wa Kipaza ukachanua. "Aa, ile! Ile imenipandisha chati, karani! Mweka hazina amenipigia simu mwenyewe. Eti ndiyo msingi wa bajeti nzima ya afya!" Akamwonyesha ukutani, juu ya madebe ya rangi. Alikuwa ameikata kutoka kwenye muhtasari na kuibandika kwa gundi.

"Mheshimiwa, hukuisema."

"Sikuisema vipi? Si hiyo hapo?"

"Ulisema shangazi yako amekutimua na mkongojo. Kisha ukaulizia chai."

Kipaza aliacha misumari, akafikiri. Ilikuwa kazi ngumu na ilionekana usoni. "Sasa tazama," akasema. "Shangazi kanitimua kwa sababu ana nguvu. Ana nguvu kwa sababu afya imeimarika. Imeimarika kiasi gani? Kwa kiwango cha kuridhisha. Unaona? Nilisema."

"Ana nguvu kwa sababu Sista anamzoesha kutembea, mheshimiwa! Yule yule mnayetaka kumwondoa!"

"Hapo sasa unaongeza lako," Kipaza akamwonya kwa kidole. "Karani haongezi maneno. Miaka yote hiyo hujui kazi yako?"

Pasi alirudi nyumbani amenywea. Mkewe alimwambia aombe nafasi kikaoni aseme. Akamjibu kwamba karani hana sauti kikaoni, ndiyo kanuni. Mkewe akasema kanuni hiyo hata watoto wake wa darasa la pili wangeivunja, akarudi kusahihisha madaftari.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Ajenda ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikapita. Mweka hazina akasoma ya nne kwa sauti tamu, akaweka kituo pale penye "kiwango cha kuridhisha," madiwani wakapiga meza, Kipaza akainuka nusu kupokea heshima. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Hapo ndipo Pasi aliposimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nafasi."

Watu waligeuka kutafuta sauti inatoka wapi. Hawakuwahi kuisikia.

"Karani hana nafasi," Mwenyekiti akasema, kwa mshangao zaidi kuliko kwa hasira.

"Basi leo naichukua." Akafungua daftari akasoma: manesi wa baiskeli, shangazi, mkongojo, chai. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Kipaza alicheka, maana ilikuwa hadithi nzuri. Pasi hakucheka. "Hiyo sentensi mnayoipigia meza ni yangu," akasema. "Niliitunga mimi. Hakuna diwani aliyeshauri wauguzi waondolewe. Hakuna hata mmoja! Mama yangu alikuwa amelala kama gogo, na sasa anasimama mpaka kumi na saba. Mkiwaondoa, hatasimama tena. Kosa ni langu. Niadhibuni mimi, mama yangu mwacheni."

Baadhi ya madiwani walitazama chini. Nadhani hata wao wana mama. Na pengine mambo yangegeuka pale pale, kama diwani mmoja mpenda mzaha asingeuliza: "Hebu tusomee na mengine! Lina nini tena hilo daftari?"

Pasi, akidhani ndiyo njia ya kuaminiwa, akapekua. "Kikao cha posho za safari. Mheshimiwa Mwenyekiti alisema: 'Njaa inauma, malizeni basi.' Nikaandika: 'Baraza liliridhia kwa kauli moja.'"

Hakuna aliyecheka. Mweka hazina alifunga faili lake taratibu. Ukumbini mle kila kichwa kilikuwa kikipiga hesabu yake: kama ile kauli ya wauguzi ni ya kutungwa, je, posho? Je, viwanja vya kule mtoni? Je, gari la Mwenyekiti, ambalo kwa kumbukumbu za watu liliridhiwa siku ambayo umeme ulikatika na nusu ya wajumbe walikuwa nje wakipunga upepo?

Mwenyekiti alikohoa. "Waheshimiwa, tusiyumbishwe. Muhtasari uliothibitishwa ndio ukweli. Daftari... daftari ni daftari. Wanaoafiki ajenda namba nne?"

Mikono ikainuka yote, haraka, hata ya wale waliokuwa wakitazama chini. Mkono wa Kipaza ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Pasi aliketi.

Kisha Kipaza akasimama, na tusimwonee, alisimama kwa huruma ya kweli. "Mwenyekiti, karani wetu amechoka. Ametutumikia kwa uaminifu, na sasa kichwa kimeelemewa, mpaka anakataa maandishi yake mwenyewe. Napendekeza apewe likizo ya miezi miwili yenye mshahara. Na tena napendekeza yule muuguzi wa majumbani awe anampitia mara mbili kwa wiki, amwangalie hali."

Meza zikapigwa kwa nguvu. Katika miaka ishirini na minne, hii ilikuwa mara ya kwanza diwani kufikia pendekezo lenye kichwa na miguu bila msaada wa mtu.

Mweka hazina akainua kidole. "Mheshimiwa, wauguzi hao tumewaondoa sasa hivi."

"Aa," Kipaza akasema. "Basi hiyo likizo tu."

Pasi, ambaye bado alikuwa ameshika kalamu kwa mazoea, aliyaandika yote kama yalivyotamkwa, pamoja na hiyo "Aa." Mwenyekiti alipouona muhtasari ule jioni, alimpa mtu mwingine auandike upya.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya Sista. Alimkuta Pasi yuko nyumbani, amevaa shati la kazini, amekaa kwenye kiti kando ya kitanda na karatasi magotini, tayari kuandika maelekezo. Sista alizichukua zile karatasi akaziweka juu ya kabati.

"Haya hayaandikwi, kaka. Lete mikono. Mmoja huku chini ya kwapa, huu nyuma ya kiuno. Goti lako lizuie goti lake. Sasa mvute kwako, usimvute juu."

Kwa miezi tisa Pasi alikuwa amesimama mlangoni akiangalia wengine wakifanya. Alimgusa mama yake kwa ncha za vidole, kama anayeogopa kumchafua.

"Nishike, baba," mama akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Mimi si karatasi."

Akamshika. Mama akainuka, mwili wote ukitetemeka, na akaanza kuhesabu sikioni mwa mwanawe. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye nne mkono wa Pasi ukateleza, goti la mama likakunjika, na kama si Sista kuwadaka, wote wawili wangekwenda chini. Wakamketisha kitandani. Pasi alikuwa akihema, machozi yakimtoka waziwazi, wala hakwenda uani safari hii.

"Pole mama. Pole sana. Nisamehe."

Mama hakujua anaombwa msamaha wa nini, maana hakuna aliyethubutu kumweleza. Alidhani ni kwa ajili ya ile nne. Akampapasa shavu kwa mkono wake mzima, kisha akamgeukia Sista.

"Jumatatu unakuja saa ngapi?"

Sista akamtazama Pasi, ili ajibu yeye.

"Jumatatu ni mimi, mama," Pasi akasema. "Na Alhamisi ni mimi. Miezi miwili niko nyumbani."

Mama akaitazama mikono ya mwanawe kwa muda mrefu, ile mikono laini ya mtu wa ofisini. Akavuta pumzi, akajisogeza polepole mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Basi turudie sasa hivi," akasema, "Sista akiwa bado yupo."