Chaki Zilizokataa Kukauka

Imeandika! Jamani, imeandika! Chaki moja ya Mama Chaki imechora mstari mweupe peee mlangoni, haikukatika, haikuteleza, mpaka wifi yake akapiga vigelegele na jirani akachungulia. Lakini mwenyewe akakaa chini akalia, na hapo ndipo pana stori.

Mama Chaki anatengenezea chaki chumbani kwake. Anakoroga unga wa jasi na maji, anamimina kwenye kalibu, zikiganda anazitoa, anazipanga kwenye trei na kuzianika juani zitoe maji. Shule moja kubwa ilimwambia alete za majaribio Jumatatu, zikiandika vizuri watachukua kwake muhula mzima. Na alishaacha kibarua cha kufagia hospitali kwa ajili ya hizo chaki. Nafasi yake imepata mtu. Hana pa kurudi.

Mvua ikaanza. Siyo ya kupita, ile ya kukaa kama mgeni asiyeaga. Akaingiza trei zote ndani, akafunga dirisha, akaziba kila upenyo kwa matambara, eti unyevu usiingie.

"Wifi, humu ndani kama bafuni," wifi yake akasema, anajipepea na mfuniko wa ndoo.

"Funga mlango basi! Unaniingizia mvua."

"Hata nywele zangu zimesinyaa."

"Zilisinyaa zamani hizo, usisingizie chaki zangu."

Wakacheka. Wiki hiyo hawakucheka tena.

Kwa sababu unyevu ulikuwa ndani ya chaki zenyewe! Maji yalitoka kwenye chaki, yakapanda hewani, hewa ikajaa pomoni na haina pa kutokea. Bati likipoa, maji yanajikusanya matone chini yake, halafu to, to, to, yanarudi palepale kwenye trei. Yanazunguka tu humo ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Na Mama Chaki, masikini, alidhani bati linavuja. Akapanda juu na mvua yote ile, kuziba tundu ambalo halipo.

Jumatatu akazipeleka hivyohivyo, roho mkononi. Mtunza stoo wa shule akachukua moja, akaiweka ubaoni. Ikapondeka.

"Mama, hii ya kuandikia au ya kuogea?"

"Zitakauka, baba. Ni hii mvua tu."

"Watoto hawawezi kusubiri jua, mama yangu. Pole. Tumeshampigia mwingine."

Aliporudi ndiyo akaikuta ile moja. Ilikuwa imebiringika mpaka dirishani, penye tambara lililochomoka, upepo unaingia na kutoka. Nje mvua inapiga, na chaki imekauka kau. Wifi kuijaribu mlangoni, shangwe. Mama Chaki akalitazama lile tundu, akakaa chini akalia.

"Kumbe ningefungua," akasema. "Wifi, dirisha tu. Ningefungua dirisha."

"Si tutatengeneza nyingine?"

"Kwa jasi ipi? Tumpelekee nani?"

Mama Chaki akabeba trei moja moja, akamwaga chaki zote kwenye matope nje. Sasa hivi yuko kitandani, kageukia ukutani, na ukimsemesha anajibu, "Niacheni."

Naomba mtumie hii mtu yeyote unayemjua anayeanika kitu ndani wakati wa mvua.