Samaki wa Mwalimu

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Kapu aliwanunulia watu vyakula sokoni na kuwafikishia mlangoni: wazee, wagonjwa, waliojifungua juzi. Alikuwa na baiskeli yenye makapu mawili, simu ya vitufe, na pua. Hasa pua. Alinusa tikiti, akanusa unga, akafunua mashavu ya samaki akanusa mpaka ndani.

"Mama, nusa kimyakimya," muuza samaki alimtania, "unanifukuzia wateja!"

Kisha akashikwa na mafua. Homa iliisha kwa siku tano, lakini harufu hazikurudi. Asubuhi moja mumewe, fundi viatu, aliingia jikoni mbio akamkuta amesimama kando ya sufuria inayoungua.

"Husikii harufu, mke wangu?"

"Nilikuwa na mawazo tu."

Zahanati walimwambia avute subira. Hakumwambia mtu mwingine. Nani angempa kazi tena? Sokoni aliendelea kuinamisha uso juu ya kila kitu kama zamani, lakini sasa alichagua kwa macho na vidole. Miezi miwili mambo yakaenda, akaanza kujipa moyo.

Mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa mwalimu mstaafu, aliyeishi peke yake ghorofa ya nne, macho yamefifia. Hakuwahi kukagua kapu. Ijumaa moja aliagiza samaki. Mama Kapu alichelewa, akakuta vimebaki vipande tu, havina jicho wala shavu la kutazama. Aliviinamia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nifungie."

Jumapili binti wa mwalimu akapiga simu. Baba alikuwa hospitali, ametapika mpaka ameishiwa nguvu.

Mama Kapu alimkuta kitandani, dripu mkononi, midomo imekauka.

"Usimlaumu Mama Kapu," mwalimu alimwambia binti yake. "Harufu niliisikia wakati napika. Nikasema, kama ameleta yeye, basi samaki ni mzima. Pua yangu ndiyo imezeeka."

Mama Kapu alikosa pa kuuweka uso wake.

"Mimi sinusi kitu, Mwalimu. Tangu nilipougua. Nilikuwa najifanya."

"Ulijua, na bado ukamletea?" binti aliuliza.

"Nilijua."

Mwalimu aligeukia ukutani, polepole, kwa sababu ya ile dripu.

Alipona, lakini miguu haikuweza tena ngazi. Binti akamhamishia kwake. Habari zikasambaa. Hakuna aliyemtukana Mama Kapu. Simu tu iliacha kuita, siku moja, wiki, mwezi.

"Twende wote sokoni," mumewe alimwambia. "Mimi ninuse, wewe uchague."

"Tumpelekee nani?"

Siku moja alijikaza akaenda kwa binti wa mwalimu kuomba radhi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Binti alifungua mlango nusu.

"Baba amelala, mama."

Ndani redio ilikuwa inasoma habari, na mtu akakohoa, kikohozi ambacho Mama Kapu alikijua kwa miaka kumi na mmoja. Alisimama kidogo, labda angeitwa. Redio ikaongezwa sauti.

"Basi akiamka, mwambie nilipita," alisema, akashuka barazani.