Nywele Zilizofungiwa Kanisani

Msinisimulie ushujaa wa Wahispania waliojifungia katika kanisa letu. Niulizeni habari za shangazi yangu Gaudencia, mvishaji wa sanamu ya Bikira Maria.

Kwetu Ufilipino kila sanamu ya kanisani ina mwanamke wake. Huyo ndiye anayeiosha, anayeishonea kanzu na kuichana nywele kabla ya maandamano ya sikukuu. Nywele zenyewe ni za mtu kweli. Za Bikira wetu zilikuwa za Anselma, binti pekee wa shangazi: ndefu, nzito, akioga mtoni samaki walikuwa wanajinasia humo kwa hiari yao. Kipindupindu kikamchukua. Maiti zilitupwa shimo moja na kumwagiwa chokaa, kwa hiyo hata kaburi hana. Shangazi alibaki na nywele hizo tu.

Vita vya kuwang'oa Wahispania vilipofika, ufalme wao ukiporomoka, askari wao waliopiga kambi kwetu wakakimbilia kanisani na kuziba milango. Watu wetu wakachimba mahandaki pande zote. Miezi ikapita. Mfalme wao akawauzia Wamarekani visiwa vyetu, na sisi ndani yake kama kuku kwenye tenga! Tukawarushia magazeti yenye habari hiyo. Luteni wao akasema ni uongo wetu, akayafutia bunduki.

Shangazi hakujali mfalme. Alipanda juu ya handaki, risasi zikimpisha kwa woga, akapiga ukelele hadi mijusi ikadondoka ukutani.

"Panya nyie! Nirudishieni nywele za mwanangu!"

"Shikamoo, mama mkwe!" akajibu mmoja dirishani. "Binti yako tumeshamuoa!"

"Utaoa funza, mbwa wewe!"

Kapteni Teodulo, mkubwa wa watu wetu, akamvuta sketi. "Shuka, dada Gaudencia. Utakufa kwa ajili ya nywele?"

"Wewe si unakufa kwa ajili ya kitambaa cha bendera?"

Mwishowe njaa ikawashinda, wakakubali kutoka. Na wakubwa wetu walifanya nini? Wakaamuru tujipange mistari, tuvue kofia, tuwaite marafiki. Watu waliotucharaza viboko toka enzi za babu!

Shangazi akawapita wote, akaingia kanisani. Bikira alibaki kichwa tu, tena upara. Mwili wake wa mti walikuwa wameufanya kuni za kupikia nyama ya nyati. Akageuka kumkabili luteni, ndipo akaziona. Uzi uliwaishia, wakashonea nguo zao nywele za Anselma.

"Vua koti."

"Mama, mimi ni ofisa wa—"

"Vua!"

"Dada," Kapteni Teodulo akanong'ona, "tumewaahidi heshima."

"Wape ya kwako."

Akaketi mlangoni, akatoa mkasi kiunoni, akaanza kufumua, unywele mmoja mmoja, polepole usikatike. Jeshi letu zima limesimama juani nje, Wahispania wamekwama ndani, hakuna wa kumruka. Askari wakaanza kuvua wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Yule wa "mama mkwe" akaweka shati lake mbele yake, machozi yanamtoka.

Shangazi hakumtazama usoni. "Na vifungo vya suruali," akasema.

Alichopata hakikujaa hata kiganja. Akakifunga kwenye leso, ndipo akawapisha. Wakaenda zao pwani na heshima zote walizoahidiwa, bunduki begani, mkono mmoja umeshikilia suruali.