Joho Nililojivika Mwenyewe

Nina studio ya picha hapa Nkuhungu. Kila msimu wa mahafali nawang'arisha watoto wa wenzangu waliovaa majoho, wakati mimi chuo nilikiishia getini. Juzi programu yangu ya kuhariri picha ikanizeekea. Kuiboresha ni ghali, ila mwanafunzi anauziwa mpya kwa nusu bei. Basi nikakibandika kichwa changu chenye mvi juu ya joho la mhitimu mmoja niliyempiga picha, nikaitazama ile picha mpaka chai ikapoa, kisha nikampelekea binti wa duka linalouza programu hizo iwe ushahidi kwamba nasoma.

Akasimama kwa heshima.

"Shikamoo baba! Hongera kwa kuhitimu. Ila bei hii ni ya ambao bado wanasoma."

Jamani, nimelitamani joho mpaka hata kwenye uongo nikashindwa kusubiri nimalize chuo.