Kituo cha Stahamala, Tibirinzi

Siku Bi Moza Haidar alipotundika bango lake mlangoni pale Tibirinzi, mteja wa mwanzo kufika alikuja na kuku mweusi. Bwana wa makamo, kanzu safi, kuku kambana kwapani na ubani mkononi. Bango lilisema "Kituo cha Stahamala: twawasaidia wenye kazi nzito", na yule bwana akalifasiri anavyojua mwenyewe.

"Nimeambiwa hapa mwaondoa uzito," alisema.

"Uzito wa mawazo ya kazini, baba, si wa majini. Na kuku wako mrejeshe kwake akatage."

Mumewe, Mzee Mbarouk, alikuwa kibarazani akisikiliza kila neno. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Nilikwambia mie! Hapa Pemba nani atalipa apate mtu wa kumsikiliza? Kusikilizwa ni bure, na hata hiyo bure hatusemi!"

Bi Moza alimkata jicho, akaingia ndani. Alikuwa mkunga miaka thelathini na moja. Ukienda naye sokoni Chake Chake hamfiki, maana kila hatua mbili yuko mtu wa kusema huyu ndiye aliyenipokea duniani. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku na kuuza maji ya matunda. Yeye kavuka bahari kwenda Unguja kusomea namna wauguzi, wazimamoto na madereva wa ambalensi wanavyoweza kuibeba kazi isije ikawavunja. Karudi na cheti, bunda la karatasi kubwa za kubandika ukutani, na kalamu nene za rangi nne. Kila aliyemuuliza kilichompeleka huko alijibiwa, "Nimependa tu." Hapo alikuwa anaongopa.

Alhamisi moja akaja Khairat, mkunga kijana ambaye Bi Moza ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, Bi Moza. Nimekuja kukuaga. Naacha kazi. Barua ninayo humu mkobani, Jumatatu naipeleka."

"Marahaba. Unaacha una nini?"

"Sina neno. Nimechoka tu, alhamdulillahi."

Bi Moza alikwisha kuzisikia habari za wodini. Wiki mbili nyuma mzazi alifia mikononi mwa Khairat, kwa damu isiyozuilika, na hakuna aliyekosea. Lile "sina neno" hakuliamini. Alimjua mtu mwengine aliyepata kulisema vile vile.

"Jumamosi nina darasa langu la kwanza," alisema. "Njoo mara moja tu kwa hisani yangu. Ukitoka hapo, barua yako ipeleke hata Dodoma."

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, walikuja watu wanane. Wengi wauguzi, na pamoja nao Hafidh, dereva wa gari la zimamoto, jitu la miraba minne lililokosa kiti cha kulitosha. Walipokaa tu mmoja akauliza kama kuna posho, maana semina isiyo na posho hawajapata kuiona. Bi Moza akawaambia kuna chai na vitumbua. Wakatazamana, wakaridhika kwa shida.

Akabandika karatasi yake. "Haya, nani ataanza kutwambia linalomsumbua kazini?"

Mtu akakohoa.

"Hafidh, mwanangu, moto wa wiki iliyopita ulikuwaje?"

"Ulizimika, alhamdulillahi."

"Na wewe?"

"Mie mzima, Bi Moza. Ahsante."

Akawazungukia wote wanane, na wote salama. Hata aliyekuja na macho mekundu ya kulia, salama! Hadi inakaribia alasiri, karatasi ile ilikuwa na neno moja tu, "salama", limeandikwa kwa kijani. Akawaambia wafumbe macho wavute pumzi polepole. Muuguzi mmoja aliyetoka zamu ya usiku akalala palepale, akakoroma. Khairat alikuwa keshaushika mkoba wake, anangoja adabu ya kuondokea tu. Bi Moza aliiona ile Jumatatu ya barua inakuja.

Hapo Mzee Mbarouk akatia kichwa mlangoni. "Bi Moza, samahani na darasa lako. Hizi karafuu za Hamad vipi? Magunia yameshaanza kupata moto."

Hamad ni kaka yake Bi Moza wa Mtambile, na jana yake alimletea dada yake magunia manne mabichi, hayajachambuliwa. Karafuu mbichi ikikaa hivyo hupata joto ndani kwa ndani, na gunia zima huharibika. Bi Moza aliona haya mbele ya wageni. Lakini Mpemba gani atakayesikia kuna karafuu zinapata moto akakaa kafumbata mikono?

"Bi Moza nawe!" alisema yule aliyekuwa akikoroma. "Magunia manne yamo ndani, watutia usingizi! Tandikeni mkeka."

Viti vikasogezwa, mkeka ukatandikwa, gunia likamwagwa katikati. Mikono ikaanza yenyewe: kichala kwenye kiganja, unavunja, karafuu huku, makonyo, ndivyo vijiti vyake, kule. Hakuna anayemtazama mwenzake, macho yote yako chini kwenye kazi.

"Kulikuwa na mtoto mle motoni," alisema Hafidh.

Hakuna aliyemuuliza. Aliendelea kuvunja.

"Nilimtoa, yu mzima. Lakini mie tangu siku ile bati la paa likilia tu na jua, natoka mbio nje. Juzi nimetoka na taulo."

Walicheka mpaka wakaegemeana, na Hafidh mwenyewe akacheka. Kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyesema pole, karafuu tu zikaendelea kuvunjwa. Muuguzi wa pili akasema lake. Wa tatu akasema lake, refu, na katikati akapenga kamasi kwa ncha ya mtandio. Gunia la pili likamwagwa.

Khairat alikuwa na lundo kubwa kuliko wote. Alivunja haraka haraka kama anayefukuzwa.

"Aliniuliza kazaa nini," alisema. "Nikamwambia mwanamke. Akasema, basi huyu Siti. Nikageuka kumfuta mtoto, niliporudi hakunijibu tena. Sasa kila nikifika mlango wa wodi, miguu inagoma."

Jibu lake lilikuwamo kwenye zile karatasi alizorudi nazo Unguja, "usijilaumu", kwa wino mwekundu. Bi Moza alifungua mdomo alitoe, likatoka jengine.

"Wangu mie, aliyenifia mkononi, alikuwa mtu wa Wambaa. Akiitwa Asma. Nilirudi nyumbani nikapika mchuzi. Mbarouk akaniuliza habari za kazi, nikamwambia salama. Leo mwaka wa ishirini na sita."

Mzee Mbarouk alikuwa mlangoni na gunia la tatu. Safari hii hakucheka. Aliliweka chini, akakaa mkekani ubavuni mwa mkewe, akaanza kuchambua, tena vibaya, makonyo akiyachanganya na karafuu. Hakuna aliyemsahihisha.

Magunia yalikwisha jua likielekea kuchwa. Khairat akanawa mikono, akachukua mkoba wake na barua ikiwa mumo humo. Bi Moza akamfuata hadi mlangoni.

"Hujambo, mwanangu?"

Khairat alitaka kujibu kama desturi, akasita. "Sijambo... hapana. Sijawa mzima, Bi Moza." Akavaa kiatu kimoja. "Jumatatu nina zamu ya asubuhi. Nitaijaribu miguu yangu." Akavaa cha pili. "Kaka yako ana karafuu nyengine?"

"Tele! Magunia sita."

"Basi Jumamosi nitakuja."

Hakuwa amefika njia kuu, Bi Moza keshashika simu. "Hamad! Nitafutie magunia sita hayajachambuliwa."

"Dada, za kwangu zimekwisha, nizitoe wapi?"

"Kwa jirani, kwa mkweo, popote. Waambie nitawachambulia bure."

"Bure? Si ulisema umefungua biashara? Biashara gani hiyo?"

"Ndiyo hiyo," alisema Bi Moza. "Leo ndiyo kwanza nimeijua."