Njano ya Bendera ya Shule

Siku ile uwanjani tulikuwepo mwalimu mkuu, wageni wawili kutoka wilayani, mama jirani wa kamati ya shule, wanafunzi wote, mdogo wangu wa mwisho aliyekuwa darasa la saba, na mimi niliyeshona. Sisi ndio tulioiona bendera mpya ya taifa ya shule yetu ya Litapunga ikipanda mara ya kwanza.

Ile ya zamani ilikuwa imeliwa na jua. Kijani kilifanana na mabua makavu ya mahindi, na njano haikuonekana tena. Kamati iliniomba nishone nyingine kabla wageni hawajafika Jumatatu. Mimi niliacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu na cherehani ya mama. Kwa hiyo nilimwuliza mwalimu mkuu kila kitu.

Alinichorea kwenye daftari. Tanganyika ilikuwa na kijani, nyeusi na njano. Zanzibar ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani. Nchi zilipoungana, rangi nazo zikaunganishwa. Kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, bluu ni maji, njano ni madini.

"Kijani kikae juu, upande wa mlingoti," alisema. "Ukigeuza, umetuanzishia nchi nyingine."

Mama jirani, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alicheka. "Mwalimu, uraia wenyewe nimeusubiri mpaka nikaota mvi. Msinihamishe tena!"

Mpanda mjini nilipata vitambaa vyote isipokuwa cha njano. Mwenye duka alisema mashabiki wa mpira wamekimaliza. Jumapili, baada ya ibada, nikafungua sanduku la mama. Mlikuwa na gauni lake la kwaya, la njano. Katika kwaya yetu binti hurithi sare ya mama yake. Mimi siimbi, kwa hiyo gauni lilikuwa la mdogo wangu wa mwisho, msichana pekee kati ya wadogo zangu, alivae akimaliza shule.

Alikuwa ameenda kuchota maji. Nilikata kabla hajarudi. Mambo ya madaftari, dawa na chakula nilikuwa nimezoea kuyaamua peke yangu, na hili nililiona ni kama hayo.

Jumatatu yeye ndiye aliyechaguliwa kuifunga bendera kwenye kamba na kueleza maana yake. Alipokuwa anaifunga aliona kwenye njano vitundu vya sindano, pale vilipokuwa vifungo. Alivigusa. Kisha akaipandisha, akageuka kwa wageni, akataja kijani na nyeusi. Akaitazama tena bendera.

"Njano ni madini," akasema, akamalizia na bluu. Wageni wakapiga makofi.

Tulipofika nyumbani akaniuliza.

"Gauni la mama umelikata?"

"Nimelikata. Wageni walikuwa wanakuja, na njano mjini hakuna."

"Dada, ungeniomba ningekupa. Hujaniomba, umechukua."

Akaenda kuwasha moto. Ugali aliupika yeye siku hiyo, akanipakulia kama kawaida.

Njano iliporudi madukani nilimshonea gauni jingine, kwa kipimo chake. Alinishukuru, na ndilo analovaa kwaya ikisimama. Kitambaa nimemrudishia. Lakini kumkalisha chini nikamwambia nilikosa, nilipaswa kumwomba, hilo sijalifanya mpaka leo, na bado ananidai.