Kiti cha Dhahabu cha Mama Mkwe

Nimekosa! Tena msinitafutie visingizio, mke wangu keshavikataa vyote.

Mimi ni kinyozi hapa Nachingwea. Nilijinunulia mashine ya kuchomelea vyuma, si ya biashara, ya kujifurahisha Jumapili tu. Nikiona cheche zinaruka, roho yangu kwatu!

Basi mwanangu akawa anatoka jandoni, sherehe ikawa kwa wakwe zangu, Nkowe. Nikatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mama mkwe atakalia kiti nilichokiunda mwenyewe. Jamani, mdomo huu!

Nikaenda kwa mtani wangu, fundi wa Kimakonde, anielekeze. Akachomelea mguu mmoja wa nyuma, ule mrefu, akauunga juu na chuma cha egemeo.

"Umeona, we Mmwera? Bomba jembamba hili. Kijiti cha kuchomelea kiwe chembamba, moto mdogo, mwendo wa taratibu. Ama niachie mwenyewe, nyie mmezoea kuchoma mihogo."

Nilichukia! Nikarudi nyumbani na kiti changu, nikafungua video za mafundi kwenye simu. Nikamkuta jamaa ana kijiti kinene, moto kaukaza mpaka mwisho, cheche zinapiga dari. Nikasema huyu ndiye mwanaume, nikamfuata.

Miguu mitatu iliyobaki niliitoboa ikawa chekeche. Kurudi kwa mtani nikaona aibu. Matundu nikayaziba kwa puti, nikapaka rangi ya dhahabu, kiti kikameremeta.

Siku yenyewe ngoma zinalia, mama mkwe na khanga mpya, akakaa. Vigelegele! Akainuka kumtunza mjukuu wake, akajirudisha kitini kwa furaha. Paa!

Nikaruka kumdaka. Katikati ya kuruka nikakumbuka: kwetu mtu hamgusi mama mkwe wake. Nikaganda, mikono nimeinyoosha kama anayepokea mtoto, naye anapita mbele ya mikono hiyo kwenda chini. Mtani wangu alicheka hadi akashika ukuta.

Nyonga ikamuuma bibi wa watu. Mke wangu akabaki Nkowe kumuuguza. "Mama akitembea ndiyo nitarudi," akasema. "Asipotembea, mpikie chai hiyo mashine yako."

Nilijuta, ndugu zangu! Kila bodaboda ikitokea upande wa Ruangwa, njia ya Nkowe, nilimwacha mteja na kichwa nusu nikakimbilia mlangoni.

Juzi wamekuja, wote wawili. Mama mkwe anatembea, ana fimbo. Nikaitazama: ya dhahabu! Ni ule mguu aliouchomelea mtani wangu, kipande cha egemeo bado kimeung'ang'ania juu, ndicho anachokishikilia.

"Shikamoo mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba, baba. Hapa tu ndipo paliposhika."

Wenzangu, mkiharibu kitu semeni kabla hamjapaka rangi. Mimi sikusema, na sasa mama mkwe yuko kwangu hadi korosho ziishe. Kila akienda uani nasikia ko, ko, ko, na kila akirudi anapita viti vyangu vyote, anakwenda kukaa mkekani.